Mwisho wa Kapteni Milembe

Kiseke, Mwanza
Jumatano

Kaka Shigela,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanao huko Kahama mu wazima, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Nakuamkia kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Hasira zangu hazijapungua hata kidogo. Barua hii nampa wifi Teodora aibebe, maana namba yangu umeizuia.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Umesema tamthilia yetu imeisha kipumbavu, kwamba Okal aliyeiandika hana moyo, na kwamba mama amekataa kupokea simu zako tangu aione. Na kwamba ukija Mwanza utamfuata Okal nyumbani kwake. Basi ujue kuna foleni. Tangu kipindi cha mwisho kirushwe Ijumaa, nusu ya mji inatutukana. Juzi sokoni Mkolani mama mmoja alikataa kuniuzia nyanya, akasema mtu aliyemwacha mdogo wake Luhende afe hawezi kula nyanya zake. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu akanishika mkono huku analia, akasema hajawahi kuona mwisho wa kweli kama ule. Wakaanza kugombana wao kwa wao, mimi nimesimama na kikapu kitupu.

Miaka miwili, kaka, tumepanda mawe haya ya Kiseke tukiyafanya sayari nyingine, jua linachoma, tumevaa makoti ya mvua yaliyopakwa rangi ya fedha. Chombo chetu cha angani kilikuwa simtanki bovu la maji. Watu wakatupenda hivyo hivyo. Halafu meneja wa televisheni akampigia Okal simu kwamba mambo ya anga hayaleti matangazo, tumalize kwa kipindi kimoja, muda wetu unapewa shindano la mapishi. Kipindi kimoja, na hadithi ilikuwa imebakiza kumi! Tulikwenda kumwona meneja huyo. Tulikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi hadi mlinzi alipotuambia ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Okal akaandika mwisho aliokuwa nao kichwani tangu mwanzo. Luhende, mdogo wake Kapteni Milembe, aliyechukuliwa na wageni wa angani katika kipindi cha kwanza, anashuka ufukweni akiwa hai, dada yake anamkumbatia, imekwisha.

Sasa mama. Kule Magu hakukosa Ijumaa hata moja. Kipindi kikiisha ananipigia, wala si kunisifu mimi niliyekuwa Milembe, bali kuuliza Luhende atarudi lini. Wiki moja kabla ya kurekodi aliniambia, "Modesta, huyo akirudi, nitajua na Ngosha wangu yuko njiani." Alikuwa ameshamnunulia shuka jipya.

Nilibaki na simu mkononi nikakuchukia. Ndiyo, wewe. Miaka mitatu tangu mtumbwi wa dagaa upinduke na Oyoo, mvuvi mwenzake, atuletee habari kwamba wamemzika mdogo wetu kisiwani, na miaka yote hiyo mama anaambiwa Ngosha yuko Afrika Kusini, kazi zimembana, kupiga simu ni ghali. Ulisema presha ya mama haitahimili. Ulisema ni kwa muda tu. Kila nilipotaka kusema ulinikaripia kama mtoto. Nami nikanyamaza, nikampelekea mama salamu za mtu aliyekufa. Kwa hiyo najichukia pia.

Okal hana kosa. Mwisho ule niliuandika mimi. Asubuhi ya kurekodi nilimweleza yote. Akanipa kalamu. Milembe anafika kwa wale wageni, anakuta kaburi la Luhende, anarudi kuwaambia watu wake wasimngoje tena. Machozi uliyoyaita ya kinafiki sikuyaigiza.

Ijumaa hiyo nilikwenda Magu nikaketi na mama. Kipindi kilipoisha akazima televisheni mwenyewe. Akauliza bila kunitazama, "Modesta, yale maneno ulikuwa unawaambia wale watu wako, au mimi?"

Nikamjibu kwamba ni yeye. Nikamweleza mtumbwi, kisiwa, Oyoo, na uongo wetu sisi wawili.

Presha haikumuua, kaka. Alipiga ukunga, majirani wakajaa. Baadaye alinizaba kofi, la kwanza tangu nizaliwe, kisha akaniambia nimpeleke kwenye kaburi la mwanawe. Oyoo atatuvusha Jumamosi.

Mama ameniagiza nikuandikie hivi: hataki pole yako ya simu. Anataka uje usimame mbele yake, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba Ngosha amekufa. Anasema mimi nimeshasema, umebaki wewe.

Wasalimie watoto. Wape pole pia, maana hawajui kwamba wamefiwa na baba yao mdogo.

Mdogo wako,
Modesta