Magunia ya Chumba cha Seva

Lodwar, Jumanne, Februari 2013. Jua kali tangu asubuhi, upepo umebeba vumbi tupu.

Shajara, leo nimeizima mashine ya Ewoi.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningezunguka na habari za jua na vumbi mpaka nichoke, halafu nifunge kompyuta bila kulisema.

Kwa anayepita hapa mtandaoni mara ya kwanza: Ewoi alikuwa mume wangu. Tuna kampuni ndogo ya kusafirisha matanki ya maji na vifaa vya ujenzi kutoka Lodwar hadi kambi ya Kakuma. Aliianzisha pamoja na mdogo wake, Ekiru. Mimi ni mtu wa Voi, nilikuja huku kufundisha nikaolewa, nikajikuta karani, mhasibu na mpika chai wa ofisi. Mwaka jana Ewoi alikuwa akirudi na lori kutoka Kakuma. Mvua ilikuwa imenyesha mbali sana, huku chini jua linawaka, na maji yakamkuta katikati ya laga, mto mkavu unaojaa ghafla. Lori lilipatikana siku hiyo hiyo. Yeye tulimtafuta kwa siku kadhaa.

Mashine ninayoisema ni seva. Aliiunganisha mwenyewe katika chumba cha nyuma cha ofisi yetu hapa Kanamkemer. Kila barua pepe ya kampuni, ikiingia au ikitoka, nakala yake hubaki humo, ili mteja akisema hakuambiwa jambo tumwonyeshe tulivyomwambia. Chumba hakina kiyoyozi, na joto la Lodwar halina huruma na vyuma. Basi Ewoi akatundika magunia dirishani, akaweka feni ya kuvuta hewa kupitia hapo, na kila saa nane mchana magunia yakawa yanamwagiwa maji. Hewa ilipoza chumba kweli. Wageni walikuwa wakitucheka, kisha wanaomba kukaa humo.

Akisafiri nilimwagia mimi, na alipofariki kazi hiyo niliichukua moja kwa moja. Hakuna aliyeniomba. Wiki ya matanga niliwaacha waombolezaji na chai yao nikaja na jagi. Walidhani nimekwenda kulia. Sikulia hata kidogo, nilikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa, wiki iliyopita stima ilipotea siku mbili. Shirika moja kule kambini likadai hatukuliambia kwamba matanki yatachelewa, likataka kazi ipewe watu wengine. Tuliliambia, na ushahidi ulikuwa humu ndani, kwenye mashine iliyokufa gizani. Achol ndiye anayeendesha ofisi yetu ya Kakuma. Ni msichana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini, na mshahara wake unalisha mama na wadogo zake. Alinipigia mara nyingi siku hizo. Mara ya mwisho alisema polepole, "Malesh, samahani, Mama, mimi nasumbua wewe. Lakini hii kazi ikienda, mimi naenda wapi?"

Stima ilirudi, barua ikapatikana, shirika likatulia. Ila Ekiru hakutulia. Alimleta fundi kutoka Eldoret atuambie la kufanya: ama tununue seva mpya tuiweke hapa hapa na betri zake na kiyoyozi, ama barua zote tuzipeleke kwenye ile hifadhi ya mtandaoni wanayoiita wingu, zikae kwenye mashine za watu wengine mbali huko.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Nikasema mtandao wetu unatambaa. Nikasema siri za wateja hazifai kulala nyumba ya watu tusiowajua. Nikasema wenye hilo wingu wakifunga duka tutawashtaki wapi? Nikamtania Ekiru kwamba Mturkana mzima, aliyeona mawingu yakipita juu ya kwao Kaikor miaka yote bila tone, eti leo anataka kuweka mali yake mawinguni. Akacheka. Hoja zangu hazikuwa mbaya, na fundi alizikubali karibu zote. Lakini mimi sikuwa nikitetea seva mpya wala hoja yoyote. Nilitaka mashine ile ile iendelee kunguruma. Ni kitu cha mwisho ambacho Ewoi alikiwasha kwa mkono wake na bado kinafanya kazi.

Asubuhi hii fundi akaifungua kuikagua.

Ndani kulikuwa na utando mweupe na kutu. Alipitisha kidole, akaonja, akageuka kutazama dirisha. "Mama, haya maji mnatoa wapi?" Nikamwambia kisimani. "Iko na chumvi. Hiyo feni imekuwa ikivuta matone inaleta hapa. Hii mashine haingemaliza mwaka." Alilisema kwa upole, hakuwa anamlaumu mtu. Ekiru akainama akatazama viatu vyake.

Nilikuwa naiua.

Kila siku, saa nane, na jagi langu, kwa mapenzi yote.

Nikasema twende na wingu. Achol atafungua barua yoyote akiwa Kakuma, hata huku kukiwa giza totoro, na hatamlilia mtu simuni. Huo ndio ukweli, na ungekuwa ukweli hata kama ndani ya mashine kungekuwa safi. Kwa mtandao wetu kuzipandisha barua zote huko kungechukua muda usiosemeka, kwa hiyo fundi ataibeba diski hadi Eldoret azipandishie huko.

Akaniuliza ni akina nani wa kuwahamishia barua zao. Nikamtajia wafanyakazi mmoja mmoja, mpaka likabaki jina moja.

"Na Ewoi," Ekiru akasema, bado ameinama.

"Huyo yuko ofisi gani?" fundi akauliza.

"Andika tu, ndugu yangu," Ekiru akamjibu.

Kabla ya kuizima niliomba nibaki peke yangu kidogo. Nilifungua barua za Ewoi alizokuwa akinitumia kutoka Kakuma. Usidhani ni barua za mapenzi. *Lori limefika. Matanki mazima, moja limekwaruzwa. Umemwagia magunia?* Nyingine: *Barabara mbaya, nalala huku. Umemwagia magunia?* Zote hivyo. Ipo moja niliyomjibu kwa hasira kidogo, nikamwambia unaulizia magunia kila siku, mimi huniulizii. Jibu lake nilikuwa nimelisahau kabisa. *Yakimwagiwa najua u mzima.*

Nililia, shajara. Nililia mpaka kifua kikauma, kilio ambacho sikukitoa wiki ile ya matanga.

Kisha nikaizima. Mngurumo ulishuka, ukakatika. Sikujua chumba kile kinaweza kunyamaza hivyo. Nje kulikuwa na mbuzi wa jirani na bodaboda zikipita, kama siku zote. Fundi akaichomoa diski, akaifunga kwenye shuka, Ekiru akampeleka kwenye basi. Nikampigia Achol nikamwambia imekwisha, wiki ijayo atazifungua barua mwenyewe. Alishukuru sana. Halafu akasema, "Mungu akupe nguvu, Mama," ingawa sikuwa nimemwambia chochote.

Saa nane ilinikuta dirishani na jagi mkononi. Sikumbuki kulijaza. Magunia yalikuwa yamekauka, na ndani hakukuwa na kitu cha kupozwa. Kesho Ekiru atayatoa, chumba kiwe stoo ya saruji.

Nimeyamwagia, Ewoi. Leo mimi ni mzima. Kesho utajulia wapi?