Mama, Wamechimba Nyuma ya Ukuta wa Waungwana

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya jiko, pale ulipokuwa ukitwangia majani ya sombe. Tangu tulipokuzika, jua likifika utosini nasikia ukikohoa upande huu. Kile kikohozi chako kikavu, cha kumwita mtu bila kumtaja jina. Natoka, sikuti mtu. Mume wangu anasema ni mbuzi wa jirani, nami namwacha aseme. Lakini leo nimeona nikujibu, maana najua unachoulizia. Unaulizia pale mahali.

Mama, wamepachimba.

Yosefina wangu alishikwa na homa, nikampeleka kwenye dispensari mpya ambayo Leta, serikali ya wazungu, ilikuwa inajenga upande wa njia ya Nyangwe. Kuta zilikuwa zimeshapanda, bado hazijapakwa chokaa, lakini wagonjwa walishaanza kutibiwa humo. Nilikaa chini kungoja zamu, nikaegemea, kitu kikanichoma begani. Kugeuka, naona shanga za bluu ndani ya tofali. Mstari mfupi, zimeungua kwa moto wa tanuru, zimeshikamana na udongo kama meno kwenye ufizi.

Nikakumbuka ile asubuhi, mimi bado msichana wa shule ya masista, uliponipeleka nyuma ya ukuta wa zamani wa Waungwana, wale watu wa Waarabu waliouza watumwa, pembeni ya mtaa wetu. Ulisema hapo ndipo walipofungwa watu waliokamatwa vijijini, wakingoja kupelekwa mbali, na aliyekufa alizikwa papo hapo, wanawake na shanga zao za bluu. "Mama yangu analala hapa. Nilikuwa mgongoni mwake. Mwanamke wa nyumba ya Waungwana akanifungua kwenye kitambaa, akanilea." Kisha ukanibana mkono mpaka ukaniuma. "Usimwambie mutu. Wakijua, watatuita watumwa." Ukaanza kufagia. Kila ulipokwenda shamba ulipitia pale na ufagio wako, na watu wa mtaa walidhani akili yako imepungua kidogo, mama mzima kufagia magofu.

Unajua yaya Gaburieli, kaka yangu, ndiye aliyekuwa kapita, msimamizi wa matofali. Zamani walichimba udongo bondeni, lakini bonde ni mbali, na muzungu wa kazi alitaka dispensari iishe upesi. Akawaonyesha nyuma ya ukuta. Mwanao akaenda. Angekataa kwa sababu gani? Hakujua chochote.

Mtoto alipopata dawa nilimwacha kwa wifi yangu, nikakimbia. Nilikuta watu wamesimama, majembe chini. Ukingoni mwa shimo walikuwa wamefunika kitu kwa jani la mgomba. Yaya alikuwa anawafokea. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Simamisha hii kazi. Nyanya yetu, mama ya Mama, iko humu ndani."

Alicheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

"Nani amekuambia?"

"Mama."

"Mama amekuambia wewe." Alirudia hivyo, taratibu. "Mimi mutoto wake wa kwanza. Nimemujengea nyumba. Nimemushika kichwa mpaka roho ikatoka. Na hakuniambia."

Ulikuwa na sababu zako, Mama, lakini wewe hukuuona uso wake. Alikaa ukingoni, miguu ikining'inia shimoni. Halafu akatazama chini, akaikunja miguu haraka kama mtu aliyegusa maji ya moto.

Nilimwambia aende kwa muzungu aseme ukweli. Akasema, "Muzungu atasimamisha kazi kwa mifupa ya watu weusi? Na mtaa mzima utajua sisi ni nani." Hapo alikuwa anasema kwa mdomo wako.

Akafanya alivyoweza. Alichanganya mchanga mwingi kwenye udongo. Matofali yalitoka tanuruni yamepasuka, mengine yakavunjika mikononi. Akamwambia muzungu ule udongo umechoka, na wakarudi bondeni. Nilidhani yameisha. Lakini kuna mtu alisema habari ya mchanga. Askari walimlaza mwanao mbele ya ofisi wakampiga fimbo, wakamnyang'anya ukapita, wakampeleka kutengeneza barabara huko Wamaza. Nilisimama pale nikitazama. Hakulia. Mimi nililia kwa ajili yetu wote wawili.

Muzungu aliwaamuru warudi nyuma ya ukuta. Hakuna aliyekwenda. Kila mmoja alisema anaumwa tumbo. Kisha mvua zikaja, shimo likajaa maji, naye akaona bonde linamtosha.

Maji yalipokauka nilishuka peke yangu kukusanya kilichobaki. Mama, ni wengi. Nilifikiri nitamjua mama yako, sijui kwa nini, nilifikiri mkono wangu utatetemeka nikimgusa. Ulitetemeka kwa kila mmoja. Basi nikawalaza wote pamoja palepale, nikawaita wote nyanya. Wengine wako ndani ya kuta za dispensari, na sasa chokaa imepakwa. Wagonjwa wanaegemea pale. Nikipita siangalii upande ule. Yosefina akiugua nampa majani ya nyumbani.

Halafu nilifanya ulichonikataza. Jumapili moja, watu wakitoka misa, niliwaomba wanifuate mpaka ukutani. Wakaja, maana walijua yaliyompata yaya na walitaka kujua kwa nini. Nikawaambia. Mama yangu alikuwa mtoto wa mtumwa. Mama yake yuko hapa. Nisaidieni tuzungushie miti, pasichimbwe tena, pasijengwe choo, pasilimwe mihogo. Watu walitazamana, nikajua kesho watoto wangu wataitwa lile jina.

Akatoka Mama Bahati, rafiki yako yule uliyekuwa ukimenya naye karanga barazani tangu mimi sijazaliwa. Alivua viatu. Akapita nyuma ya ukuta, akapiga magoti kwenye kona ya mbali, mahali ambapo wewe hukuwa ukifika. Alijua pa kupiga magoti. Akasema, "Hapa ni baba yangu. Alikufa na mnyororo shingoni." Kisha akanigeukia. "Mama yako alijua?"

Hukujua. Wala yeye hakujua habari yako. Maisha yote mmekaa mkeka mmoja, goti kwa goti, kila mmoja akimficha mwenzake kaburi lililo mahali pamoja.

Baada yake walitoka wengine, kila mmoja akienda kwa mtu wake.

Pumzika, Mama. Kikohozi chako bado nakisikia, na sitaki kiniache. Kesho kutwa naanza safari ya Wamaza na bugali na samaki wakavu kwa yaya. Nakuahidi nitamweleza yote uliyoniambia, tangu mwanzo, neno kwa neno, kama ungemwambia wewe mwenyewe.

Mwanao,
Anjelani