Mkono wa Pacha

Nyumbani,
chumba cha mbele, meza ya kulia.
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kichogo,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote jingine. Natumaini mwili unakutii na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Wifi yangu hajambo? Mwambie namsalimu sana, na sijasahau alivyonicheka kwenye simu siku ile nilipojaribu kuongea lugha ya huko. Atanikoma siku nikiijua.

Sisi tunapumua. Mimi bado niko kwenye dobi ya hoteli, chumba cha pasi, joto lake lile lile, mashuka hayaishi. Shemeji yako na lori lake, akirudi ni kula na kulala fofofo. Shangazi ameng'oka jino la mbele na amepiga marufuku mtu kumchekesha, basi nyumba nzima haina kazi nyingine ila kumchekesha.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu ya nyumba hii haina siri, unaijua. Ukipiga tu Baba anataka iwekwe spika, na anataka kuongea yeye wa kwanza na yeye wa mwisho. Mwenzangu wa kazini ana safari ya upande wako, nimemwomba aibebe mkononi. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Ni habari ya Baba na ile mashine ya gemu uliyotutumia.

Siku ilipofika, Mama aligeuzageuza boksi akitafuta pedi za kushika, kama zile tulizokuwa tukigombania utotoni. Hamna. Fundi runinga wa mtaa wa nyuma ndiye aliyekuja kutufungia. Akaipachika kamera juu ya runinga, akatueleza kwamba pedi ni wewe mwenyewe: kamera inakutazama ulivyosimama, ukiinua mkono, na mtu wa kwenye skrini anainua wake. Mama akajiweka vizuri mtandio, akauliza kama inawaona na waliokaa pembeni.

Baba alicheka. Tangu kile kiharusi kimpige upande wa kushoto, hatukuwa tumemsikia akicheka. Akambatiza yule mtu wa kwenye skrini jina la Pacha, kwa jinsi alivyomwiga kila kitu. Ila Pacha ana nywele kichwa kizima, na Baba akasema akipona ataanza kwa kumnyoa huyo.

Mchezo alioupenda ni ule wa golikipa, uliotuchagulia wewe. Mipira inakuja kulia, inakuja kushoto, unanyoosha mikono unadaka. Ulisema mkono uliolala utaamshwa na hamu ya kudaka. Lilikuwa wazo zuri, Kichogo. Sina lawama nalo, na nataka ulijue hilo kabla hujafika chini ya ukurasa.

Sasa sikiliza vizuri jinsi walivyokuwa wakicheza. Yule dada wa mazoezi wa hospitali alimkataza Baba kusimama peke yake. Akamfundisha Mama namna ya kumshika: asimame nyuma yake karibu kabisa, kifua kwa mgongo, mkono wake wa kushoto upite chini ya kwapa la Baba, wa kulia ushike mkanda wa suruali. Hivyo ndivyo walivyosimama kila jioni mbele ya runinga. Shangazi akawa anawaimbia ati wanacheza dansi uzeeni, mpaka Mama anaona aibu anaficha uso mgongoni kwa Baba.

Mwanzoni Baba alidaka mipira ya kulia tu. Ya kushoto ilipita, Pacha hana hili wala lile. Halafu jioni moja mpira ukaja kushoto, na mkono wa kushoto wa Pacha ukanyooka ukaudaka. Jamani! Shangazi alimwaga chai. Ukaja mwingine, akaudaka. Kelele zetu ulizisikia mwenyewe, maana tulikupigia hapo hapo hata kabla Baba hajakalishwa.

Siku hiyo ndiyo ulipoahirisha safari yako ya kuja huku. Ulisema hakuna haja ya kuja kumwona amelala, utakuja kumwona amesimama bandani kwake na mashine ya kunyolea mkononi. Ukaapa kwamba hakuna kinyozi wa huko atakayekugusa kichwa mpaka Baba akunyoe mwenyewe. Baba akakujibu kwamba hicho kichogo kinahitaji mtu anayekijua. Kwa siku kadhaa hakuwa na hadithi nyingine. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa mwanangu huko anafuga nywele ananingoja mimi.

Wewe mtoto wa kinyozi, sina haja ya kukufundisha. Mkono wa kulia unashika mashine tu. Wa kushoto ndio unaokunja sikio, unaoinamisha kichwa, unaovuta ngozi ili wembe upite. Kinyozi wa mkono mmoja nani atampa shingo yake? Ndiyo maana banda lake lilikuwa limefungwa lakini hakuliachia. Alikuwa ananituma nikafute kioo na kukizungusha kile kiti, kisije kikashika kutu.

Basi wiki iliyopita Mama alikwenda kumwangalia mdogo wake anayeumwa. Jioni Baba akataka kucheza kama kawaida. Mimi kumkumbatia baba yangu kwa nyuma naona haya, nikasimama ubavuni kwake upande wa kulia, nikamshika kiuno. Mipira ya kulia akadaka. Ya kushoto, mkono wa Pacha ukaning'inia. Baba akajaribu tena, jasho likamtoka mpaka shati likaloa. Akasema mashine imeharibika, na mimi nikamwamini.

Fundi runinga akaja kesho yake. Akasimama mwenyewe mbele ya kamera, Pacha akainua mikono yote miwili bila tatizo. Akauliza Mzee huwa anasimama vipi. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi, akatua mfuko wake, akasimama nyuma ya Baba kama siku zote. Mpira ukaja kushoto. Mkono wa Pacha ukainuka.

Fundi akakunja uso. Akabonyeza-bonyeza, skrini ikabadilika ikaonyesha kile ambacho kamera yenyewe inakiona: si Pacha tena, ni vivuli vya watu waliosimama chumbani, na ndani yake vistari kama mifupa. Mbele ya runinga walisimama watu wawili, lakini mashine ilichora mmoja. Kichwa cha Baba, mkono wa kulia wa Baba, na kushoto mkono wa Mama.

Mama hakujua, Kichogo. Mpira ukija kushoto alikuwa anashtuka na mkono unamtoka wenyewe, vile vile anavyoutoa mtoto akitaka kuanguka. Na sisi sote tulikuwa tumeikodolea macho runinga. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimtazama Baba. Mkono wake ulikuwa umelala pale pale ubavuni tangu siku ya kwanza.

Mama akautoa mkono wake kwapani polepole. Kwenye skrini kile kimkono cha vistari kikapotea.

“Kumbe ni wewe,” Baba alisema.

“Sikujua, baba watoto.”

Fundi akakusanya bisibisi zake akaaga, chai hakutaka. Baba akaomba akalishwe, na akakaa akiushika ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia.

Nilijipiga moyo konde nikampeleka hospitali. Nilikuwa na kitumaini changu cha kijinga kwamba huenda na mkono wake ulikuwa unasogea, hata kidogo, chini ya ule wa Mama. Yule dada akamwambia afumbe macho, akawa anamchoma vidole kwa sindano, amtajie ni kipi. Baba alikuwa anabahatisha. Akataja kidole gumba wakati sindano imekwisha kurudishwa kwenye trei. Yule dada hakutuzungusha. Alisema cha kurudi kingekuwa kimesharudi, kilichobaki ni kulinda kilichopo.

Daktari naye akamsikiliza moyo, kisha akaniita nje peke yangu. Akaniambia moyo wa Baba umechoka, tusipange mambo ya mbali. Sikumwambia Baba. Nadhani anajua, maana njiani kurudi hakuniuliza daktari alikuwa anataka nini.

Alipofika nyumbani akaniagiza ufunguo wa banda niupeleke kwa yule kinyozi mwenzake wa kona, na kiti akichukue. Nikaupeleka. Mtu mzima yule alisimama mlangoni akiutazama ufunguo, hakujua aseme asante au aseme pole.

Kucheza bado anacheza, usifikiri ameacha. Jana aliomba tuwashe. Mama akakataa, akalia, akasema hatashiriki tena kumdanganya. Baba akamwambia asimame pale pale anaposimama siku zote. Akasimama. Pacha akadaka kulia, akadaka kushoto, runinga ikashangilia yenyewe. Baba hakuwa anaitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mkono wa Mama unavyochomoza chini ya kwapa lake. Mimi nikatoka uani kuanua nguo, hali najua zilishaanuliwa.

Kichogo, sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimechoka na habari njema. Hakuna dawa tuliyoisahau, hakuna mtaalamu ambaye hatujamwona, na sikuambii tuombe heri huku najua tulipofika. Uliahirisha safari kwa ajili ya mkono ambao haukuwa wa Baba. Nami ndiye niliyeishika simu siku ile nikakupigia kelele sikioni.

Baba alikuwa amenikataza nisikwambie. Alisema utakuja mbio uache kazi, kisha utamkuta hivi. Mama hajui kama naandika, anadhani napiga hesabu za zamu. Nimekwambia kwa sababu kama ni wewe ungekuwa huku na mimi huko, ningetaka kuambiwa.

Nisalimie mjomba mnayekaa naye mji mmoja, mwambie Shangazi anamngoja kwa hamu amwonyeshe pengo. Msalimie mwanao Kadogo, mbusu shavu moja kwa niaba yangu na jingine kwa niaba ya bibi yake. Shemeji yako anakusalimu akiwa usingizini. Mungu akulinde huko uliko, akulainishie njia, na asikufikishe umechelewa.

Limebaki moja. Asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Baba kwamba nakuandikia, nikamwuliza nikwambie nini.

“Mwambie akanyolewe,” alisema.

Katafute kinyozi yeyote huko, mdogo wangu, ukae kwenye kiti chake akunyoe. Kisha uje.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vile vile.