Babake Rekha ameshindwa, na mwenye wivu ni mimi

Merrylands, Sydney, Jumanne. Baridi ya Julai, jua la kudanganya tu.

Leo nimemfariji mtu huku nikimwonea wivu, na sijui kama nilistahili hata kumshika mkono.

Rekha anatoka mji mdogo kule India. Tunafanya kazi pamoja katika makao ya wazee hapa Merrylands, shifti za asubuhi, mwaka wa tatu sasa. Wakati wa chai nilimkuta analia kwenye chumba cha wafanyakazi. Babake, muuza vitambaa, alikuwa akigombea udiwani. Ameshindwa vibaya.

Akanieleza yote. Chama kilikuwa tayari kumpa tiketi kwa masharti mawili: awapelekee wakubwa bahasha ya pesa, kisha apande jukwaani awaambie Wahindu wenzake kwamba Waislamu wa mtaa ule wanawanyang'anya ardhi. Mzee alikataa yote mawili. Akasimama bila chama. Sasa hata wateja wamemhama, wanamwita msaliti wa dini yake.

"Wanamcheka mtaani," Rekha akasema. "Angesema tu yale maneno, leo angekuwa diwani."

Nikamwambia pole. Nikampa tishu. Na muda wote huo kuna kitu kilikuwa kinanichoma.

Wivu.

Akapangusa uso, akaniuliza, "Na babako? Alishawahi kuingia siasa?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa mwalimu tu."

Nilidanganya. Baba alikuwa mwalimu, ndiyo, halafu akawa diwani. Alipewa masharti kama yaleyale, ila kwetu Kenya haikuwa dini, ilikuwa kabila. Nilikuwa darasa la saba. Nilimsikia kwa masikio yangu pale uwanjani akisema wageni warudi kwao. Wageni maana yake watu kama Mama Rose, jirani yetu, fundi cherehani aliyenishonea sare tangu chekechea. Wiki mbili baada ya kura nyumba yake ilikuwa tupu, mlango umeng'olewa. Sisi tukajenga ya mawe. Baadaye mimi nikaletwa Sydney kusomea uuguzi.

Sijawahi kuyaandika haya popote.

Nimefika nyumbani saa kumi jioni, na kabla hata ya kuvua yunifomu nikampigia Baba. Kule Kenya ilikuwa asubuhi. "Mama, kwema huko?" akaniuliza, maana huwa nampigia Jumapili. Nikamuuliza kama kuna mtu alimlazimisha kusema yale maneno kuhusu kina Mama Rose.

Nikasikia kuku uani.

"Hakuna," akasema. "Waliniambia nisipoyasema, mwingine atayasema. Basi nikayasema mimi. Watu wakapiga makofi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa visingizio. Kwa jibu hilo sikuwa nimejiandaa.

"Mama Rose yuko wapi siku hizi, Baba?"

"Sijawahi kuuliza."

"Basi uliza."

Sikumbuki kama nimewahi kumwamuru babangu jambo lolote. "Sawa, mama," akasema, kwa sauti ya mtu mzee kuliko ninavyomjua.

Wivu haujaondoka. Rekha anamlilia baba ambaye mimi ningetembea naye mitaa yote nimeinua kichwa.

Kesho tuko shifti moja. Nitamwambia Rekha kwamba babangu alishinda.