Vicky na ile nyumba ya Mangobo

Tania weh, uko? Sikia ya Vicky wetu. Mpaka sasa siamini.

Leo ameenda kuangalia nyumba moja ya zamani kule Mangobo, anunue, atengeneze. Noël, mwenye kuuzisha, akamuambia: « Ingia tu, angalia pole pole. »

Inje kulikuwa viti mingi. Akazania ni réunion, mkutano ya famille. Mama moja, Mama Julie, akamupa kiti, akamushukuru sana kwa kuja.

Bon, Vicky akaingia ndani, akaanza kupiga ukuta na ngumi. Ukuta iko nguvu. Akaangalia juu, mbao yote imeoza. Akasema na sauti kubwa: « Toiture, hii paa, tutatoa yote. Na hii chumba tutabomoa. »

Tania, ilikuwa matanga! MATANGA! Mama Julie amezika bwana yake juma hii. Alizania Vicky amekuja kulia naye!

Mama akageukia Noël, shemeji yake: « Unauzisha nyumba yangu? »

Noël: « Nilikuwa nangoja matanga iishe. »

Mama akaanguka chini, analia.

Na Vicky, ule mwenye anaimbaka chorale ya kanisa? Akaangalia ukuta tena. Alafu akauliza matanga inaisha siku gani, juu maçon yake, fundi ya ukuta, iko libre siku ya mardi.