Raba Zako Bado Nyeupe

Mama Agnes,

Nilikusingizia. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unanijua kwa kuzunguka.

Siku tuliyokuzika, mama yako alikuta raba zako chini ya kitanda, soli nyeupe kama zimetoka dukani jana. Akaniuliza mbele ya shangazi zako, "Baba, hizi mbona hajazivaa?" Nikamjibu, "Nilimnunulia, mama. Nilimwambia atembee kwa ajili ya presha yake, hakutaka." Mama akazishika, akasema, "Mwanangu, uvivu tu ndio umekuondoa?" Akaziacha mlangoni, akarudi kwake Namawala na hilo neno langu.

Hukuwa mvivu. Nesi alituambia wote wawili, tumekaa benchi moja: tembeeni kila siku, pikeni nyumbani, chumvi na mafuta kidogo. Na presha yako ndiyo ilikuwa juu kuliko yangu. Tukatembea pamoja siku tatu, wewe kwa ndala, ukisema raba zisichakae mapema. Ya nne tulirudi tukakuta jiko limezima, nikanuna. Nikasema mwanaume hawezi kutoka mazoezini akute sufuria tupu. Kuanzia hapo ikawa, "Nenda Baba Agnes, giza lisikukute. Mimi nabaki na jiko." Ukabaki nalo mpaka mwisho.

Na mimi nilikuwa natembea? Mpaka kona tu. Pale nachukua bodaboda hadi Kibaoni, nakula kitimoto na ndizi za kuchoma, nacheka na watu. Nikikaribia nyumbani najimwagia maji ya chupa mgongoni, yaonekane jasho. Wewe unafunua kawa: perege wa kuchemsha, matembele, ugali kidogo. Nakwambia mazoezi yamenikata hamu.

Kuna siku unafua shati langu, ukasema, "Jasho la mume wangu siku hizi linanukia moshi." Ukacheka, ukaendelea kufua. Sijui kama ulijua. Nadhani ulijua.

Sasa napika mwenyewe. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa mabonge matupu, kuku wa jirani aliudonoa mara moja akaondoka. Ila nimezoea. Maharage naloweka asubuhi. Jioni nayabandika, napunguza mkaa, natoka kwa miguu mpaka kwenye majaruba ya mpunga na kurudi. Nikifika yameiva. Nakata nyanya na kitunguu, nachuma matembele uani, robo saa nakula.

Robo saa, Mama Agnes. Ningekukatia nyanya tu. Ningekukatia nyanya, tungekuwa tunatembea wote.

Wiki iliyopita nesi amenipima, presha imeshuka. Akanisifu, akasema Mama Agnes angefurahi. Nilishindwa hata kumwangalia usoni.

Jumamosi hii ni arobaini yako, kule kwa mama yako. Dada yangu ananiambia mambo kama haya mkwe hamwambii mama mkwe wake kwa mdomo wake, nimtume mzee akaseme kwa niaba yangu, tena kwa kuyapunguza makali. Nimekataa. Siku ile sikumtuma mtu kwenda kusema uongo.

Kwa hiyo naondoka Ijumaa asubuhi, kwa baiskeli. Raba zako nitazifunga kwenye keria ya nyuma. Nikifika sitakaa kwenye kiti kwanza. Nitamwambia, "Shikamoo mama. Mwanao hakukataa kutembea. Alibaki jikoni kwa sababu yangu, na chakula chenyewe nilikuwa sikili." Nitamwambia na ya bodaboda, na ya maji ya chupa. Akinikubalia, nitaomba jiko nimpikie perege kama wako, na watakaocheka wacheke. Akinifukuza, nitakaa nje ya uzio mpaka Jumamosi, niyaseme tena mbele ya shangazi zako, maana na wao walinisikia.

Naogopa. Ila baiskeli nimeshaijaza upepo.

Kutembea sitaacha, na kupika sitaacha. Wewe pumzika, mke wangu, jiko nimelishika mimi. Na Ijumaa, jua halijawa kali, mama yako atajua kwa nini soli zako ni nyeupe.

Baba Agnes