Mahubiri Niliyomtungia Mama

Jadida, Wete, Pemba

Mdogo wangu Gaudensia,

Hujambo? Miguu ya baba imepungua kuvimba? Na wewe umepata hata siku moja ya kulala tangu watu watawanyike msibani? Mimi mzima, ila nina uchovu ambao hata nikilala hautoki.

Nyumbani tulifundishwa barua ianze na Tumsifu Yesu Kristu. Leo salamu hiyo nimeiacha makusudi, utaona kwa nini. Na sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena. Nimeshazoea.

Nilikwambia sikuja kumzika mama kwa kuwa bahari ilichafuka, boti hazikusafiri. Si kweli, Gaude. Boti ziliondoka kama kawaida. Niliogopa. Niliwaza mtakavyoinuka wote kwenda kukomunika, kupokea Ekaristi, na mimi mtoto wa kwanza nabaki kwenye benchi. Maana nilisilimu mwaka ule nilipomuoa Asha. Niliwaambia yeye ndiye atakayebatizwa, tunamsubiri padri tu. Hakukuwa na padri wa kusubiri.

Hakuna aliyenilazimisha, na dini yangu siijutii. Ninachojutia ni mama.

Unakumbuka miguu ilipomkatalia, akawa hawezi tena kupanda kile kilima kwenda kigangoni? Mtu aliyefagia kanisa kila Ijumaa, akafua vitambaa vya altare kwa mikono yake. Aliyemwogesha yule bibi jirani mwenye vidonda, ambaye hata wanawe walimkwepa, huku anamtania, "Geuka, bibi harusi, nikusugue mgongo." Alipobaki kitandani akawa ananipigia kila Jumapili mchana.

"Padri wenu huko leo kahubiri nini?"

Nami niko karakanani kwangu Konde, vumbi la mbao kichwani, namtungia. Mwanzo maneno mawili matatu. Nikaona anafurahi, nikarefusha. Nikamwambia padri kasema subira ni kama mbao mbichi, ukiiharakisha mlango unapinda. Nikamwambia padri kasema ukichomoa msumari tundu linabaki, ila fundi mzuri analiziba.

Halafu wewe ukaniambia Jumamosi wanajumuiya wakija kusali kwake, anawasimulia mahubiri ya Pemba. Watu wazima wanapiga ishara ya msalaba juu ya uongo wangu! Hata hivyo Jumapili iliyofuata nikatunga mengine.

Siku moja adhana ikalia karibu na simu. Mama akaisikiliza mpaka ikaisha. Akasema, "Sauti hiyo! Mwalimu wetu wa kwaya angekuwa nayo, tungefika mbali."

Na Jumapili yake ya mwisho akaniuliza, "Hivi mwanangu, huyo padri wenu ni seremala? Kila siku mbao."

Nilicheka. Naye akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi mwambie asichoke. Mimi namsikiliza."

Sijui kama alikuwa anajua. Nafikiri alijua. Alinifungulia mlango wa kusema kweli pale pale, nami nikajibu, "Nitamwambia, mama." Siku nne baadaye ukanipigia kwamba hayupo.

Huku mtu akifa majirani hawangoji kuitwa. Jioni ile baraza ilijaa wanaume, wanawake wako ndani na Asha. Jirani yetu Mzee Hamadi akaniuliza mama anazikwa lini. Nikasema keshokutwa, kwetu Mbinga.

"Alikuwa Mkristo?"

"Mkatoliki hasa, mzee."

"Sasa wewe umekaa hapa unafanya nini? Yakhe, mama ni mama. Sisi tumekuja kukupa pole, hatukuja kukuficha."

Na bado sikuja.

Sasa unaniomba kwenye misa ya arobaini nisome somo la kwanza, kisha nieleze maisha ya mama. Siwezi kusimama kumsifu mwanamke yule kwa mdomo huu wakati ninyi hamjui ukweli. Msomee baba barua hii, taratibu, akishakula. Somo lisomwe na mwingine. Kukomunika sitakomunika. Lakini nakuja, na Asha, na mtoto wetu Salma. Baba akikataa nisiingie kanisani, nitakaa kaburini kwa mama mpaka mtoke. Akikataa hata kaburini, bado nakuja.

Nisalimie shangazi aliyemfunga mama kitenge mara ya mwisho, kabla jeneza halijafungwa. Msalimie mume wako, aliyeshika msalaba mbele ya jeneza mahali pangu. Asha anampa baba mkwe wake shikamoo. Na wanajumuiya wa mama, waambie mahubiri yale yalikuwa ya kwangu. Wakikasirika, wana haki. Wakiwa na la kuniuliza, waniulize mimi mwenyewe, nitajibu.

Kaka yako,
Osmund, ambaye huku naitwa Othmani